LOTI ALIINUA MACHO
Mafundisho kwa wale wanaotafuta kartie ya kukaa mjini

Somo: Mwanzo 13, aya ya 1 mpaka ya 18. Soma pia Mwanzo 19, Ezekieli 16:49, Yeremia 29:4-7.



Katuba yetu ni mlango. Wengi wanaoingia Lubumbashi wanapita kwanza hapa. Mmoja anatoka Mwene-Ditu kwa gari-moshi, mwingine anatoka Kasenga juu ya lori la samaki, mwingine anatoka Kolwezi kwa sababu kazi imekwisha. Wanafikia kwa yaya, kwa mjomba, kwa shangazi. Wanalala sita katika chumba kimoja, na bukari ya sufuria moja inagawanywa. Kisha, miezi ikipita, ulizo linakuja: SASA NIKAKAE WAPI? Na hata sisi tuliozaliwa hapa tunajiuliza vilevile, maana watoto wameongezeka na parsele ya baba haikuongezeka. Mmoja anawaza Kisanga, mwingine Kalebuka, mwingine Kasungami, mwingine Luwowoshi.

Wengi wanaleta ulizo hili kwa watumishi wa Mungu. Wanasema: "Mtumishi, uniangalilie katika roho. Ninunue huku ao kule?" Ni vizuri kuomba. Lakini tusikilize kwanza Neno, maana Neno lilitangulia kuongea juu ya jambo hili.

1. LOTI ALICHAGUA KWA MACHO

Abramu na Loti walikuwa jamaa moja. Mali iliongezeka, malisho yakawa madogo, wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu ndiye mkubwa. Desturi ilimpa haki ya kuchagua kwanza. Lakini akamwachia mdogo wake: ukienda kushoto, mimi nitaenda kuume. Ona moyo huu! Kabla ya kutafuta nafasi, alitafuta amani ya jamaa.

Loti akainua macho. Akaona bonde la Yordani, maji kila pahali, majani mabichi. Akachagua. Je, kutafuta maji ni dhambi? Hapana. Mama anayebeba bidon tangu saa kumi ya usiku anajua kwamba maji ni uzima. Kosa la Loti ni hili: aliuliza juu ya udongo, hakuuliza juu ya watu. Alihesabu faida ya ng'ombe, hakuhesabu hasara ya watoto. Na Maandiko yanatuonyesha namna alivyokwenda, hatua kwa hatua. Kwanza aliangalia upande wa Sodoma. Kisha akasogeza hema karibu yake. Katika sura ya 14 anakaa ndani, wanamteka pamoja na mali yake, na Abramu anatoka na watu 318 kwenda kumwokoa. Katika sura ya 19 ameketi kwenye mlango wa mji kama mwenyeji. Siku alipotaka kutoka, wakwe zake walidhani anafanya mchezo. Mke wake akabaki njiani.

Wapendwa, mtu hachagui nyumba tu. Anachagua sauti ambazo watoto wake watasikia kila jioni. Anachagua rafiki wa kijana wake, na pengine mkwe wake.

2. SODOMA IKO WAPI?

Hapa wengi wanajibu upesi: "Sodoma ni kule kwenye mabar, kule muziki unapigwa mpaka asubuhi." Kelele ya pombe ni shida kweli, nasi hatuitetei. Lakini fungua Ezekieli 16:49. Nabii anahesabu makosa ya Sodoma, na katika aya ile anataja kiburi, anataja shibe na raha, anataja kwamba mkono wa maskini haukushikwa. Na katika Mwanzo 19, uovu wao ulionekana wazi siku wageni walipofika.

Basi, Sodoma inaweza kuwa kwenye njia ya vumbi, na inaweza pia kuwa nyuma ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Kuna kartie yenye nyumba nzuri ambamo mtu anaweza kufa, na jirani anapata habari siku ya tatu. Na kuna avni maskini ambapo kilio kikitokea, kabla jua halijachwa mmoja ameleta makala, mwingine unga, mwingine ameazima viti, na wanaume wamekaa na wafiwa mpaka kuche. Ukitaka kujua kartie, usiangalie bati tu. ULIZA WANAFANYA NINI SIKU YA KILIO. Uliza mjane anaishi namna gani pale. Nenda jioni, simama kwenye mlango wa mtu usiyemjua, omba maji ya kunywa. Kopo lile la maji litakufundisha mambo ambayo komisionere hatakuambia.

3. WAZEE WETU HAWAKUCHAGUA

Vijana, mjue kwamba kuchagua ni zawadi. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, juu ya shaba na reli. Mzungu alikaa upande wake, Mweusi upande wake, na katikati waliacha ukanda mtupu wa kuwatenga. Mtumishi wa Union Minière alikaa kambini, pale kampuni ilipomweka. Wengine walipangiwa Kamalondo, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Komini zilipoanzishwa kwa sheria ya 1957, watu walikuwa wamekwisha kupangiwa pa kulala.

Na nabii Simon Kimbangu, aliyehukumiwa kule Thysville mwezi wa Oktoba 1921, je, alichagua kuja Elisabethville? Aliletwa amefungwa. Miaka thelathini alikaa gerezani katika mji huu mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Walimchagulia pahali, moyo wake hawakuweza kuuchagulia. Wewe unayekaa leo katika chumba kidogo kwa sababu feza imekosa, usiseme Mungu hayuko humo.

4. KABILA NA UJIRANI

Tusifiche maneno. Mzazi mwingine anamwambia mtoto: "Kaa kati ya watu wa kwetu tu." Tunajua woga huu ulitoka wapi. Mwaka 1961 maelfu mengi ya Waluba waliacha nyumba zao hapa mjini, wakakimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Jamaa nzima zililala kwenye gare zikingoja gari-moshi, na watoto wengi walifia pale na njiani. Vidonda hivyo havikupona kwa wote, na aliyeumia hatumcheki.

Lakini angalia Abramu. Alikaa Hebroni kati ya Waamori, watu wasio wa kabila lake. Mwanzo 14 inasema Mamre na ndugu zake walikuwa na agano naye, na siku ya kumfuata Loti walikwenda pamoja. Hakuwa amejificha kati ya jamaa. Alikuwa amejenga urafiki na jirani. Siku mbaya inapofika, ukuta hausaidii sana. Anayesaidia ni jirani anayekujua kwa jina, uliyemchotea maji, uliyelia naye. Kwa hiyo usichague avni kwa kabila. Chagua kwa watu wanaoogopa kumwaga damu na wanaoheshimu mgeni. Na wewe mwenyewe uwe mtu wa namna hiyo kwa yule anayekuja nyuma yako.

5. INUKA, UTEMBEE

Sasa turudi kwa yule anayesema: "Mtumishi, nimeota parsele." Soma aya ya 17. Mungu mwenyewe amemwahidi Abramu nchi. Kisha anamwambia ainuke, aitembelee kwa urefu na kwa upana. Ahadi alipewa, lakini miguu haikupewa likizo! Maono hayamzuii mtu kutembea na kuuliza. Roho anayeonyesha ndoto ndiye anayetoa akili pia. Basi, ukiisha kupiga magoti, inuka uangalie mambo haya:

MAJI. Je, bomba la REGIDESO linafika? Linatoa maji mchana, ao usiku tu, ao halitoi? Kama ni kisima, kiko mbali gani na choo? Cha jirani kihesabiwe pia. Kiwe mbali metre 30 angalau. Kipindupindu kimekwisha kuingia mji huu mara nyingi, nacho hakiulizi mtu anasali wapi. Nenda pia siku ya mvua: pale panapokauka vizuri mwezi wa Agosti panaweza kuwa mto mwezi wa Januari.

KARATASI. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Karatasi ya shefu wa kartie, ao neno la shefu wa kimila, havitoshi. Hati yenye nguvu ni sertifika ya uandikishaji, ile inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Huko pembeni ya mji parsele moja inauzwa kwa watu wawili, hata watatu. Usitoe feza kabla hujaonyeshwa hati, kabla hujauliza kwenye ofisi na kwa majirani wa pande zote nne. Na muuzaji akisema "fanya upesi, kuna mwingine anangoja", wewe fanya polepole.

KODI. Anayepanga ajue: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Mkataba uandikwe, na kila feza ipewe risiti. Na ninyi wenye nyumba mnaoimba pamoja nasi, sheria hii inawaangalia pia. Usimbane mgeni sababu ana watoto wengi. Babu yako naye alikuja na mzigo kichwani.

HEWA. Mji huu unakula kwa shaba, lakini shaba ina moshi na vumbi lake. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa Katanga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Walikuta kobalti nyingi sana ndani ya mwili wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, na zaidi kwa watoto. Parsele ya bei ndogo pembeni ya mgodi, uliza kwanza kwa nini bei ni ndogo.

NJIA. Piga hesabu ya taksibisi ya kwenda na kurudi, kwa baba, kwa mama wa soko, kwa mwanafunzi, mara siku zote za mwezi. Nyumba ya kodi ndogo iliyo mbali inaweza kula kuliko nyumba ya kodi kubwa iliyo karibu. Na mtoto wa kike atarudi masomoni saa ngapi, kwa njia gani?

6. ABRAMU ALIJENGA MADHABAHU

Loti alipofika bondeni, Maandiko hayasemi kwamba alijenga madhabahu. Abramu alipofika Hebroni, akajenga (aya ya 18). Hapa ndipo inapouma, wapendwa. Ni wangapi waliohama toka Katuba wakapata parsele, na sisi tukawapoteza? Juma la kwanza wanasema njia ni mbali. Mwezi wa pili wanasema wanajenga. Mwaka unapita, nyumba ina madirisha, lakini ndani hakuna magoti yanayopigwa. Parsele imepatikana, jamaa imepotea.

Ukihama, hama vizuri. Lipa deni lako kwenye kibanda cha mama muuza unga. Patana na mwenye nyumba. Uage wazee, chukua barua ya mchungaji. Usimwache nyanya peke yake eti nyumba mpya haina nafasi. Na usiku wa kwanza, kabla ya kupanga kitanda, kusanya watoto, mwombe pamoja. Kama kule hakuna kundi la waamini, labda Mungu amekutuma ulianzishe. Watu wawili ao watatu chini ya mwembe wanatosha.

7. MTAKIE MJI AMANI

Wayahudi waliochukuliwa Babeli walikuwa na manabii waliowaambia wasifungue mizigo, kwamba watarudi upesi. Yeremia aliwaandikia tofauti: wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee ule mji, maana amani yake ndiyo amani yao. Nawe usikae miaka ishirini kama mtu aliye kwenye gare. Panda mti wa mwembe katika parsele, hata kama unapanga. Fagia mbele ya mlango wako. Zibua mferezi pamoja na wengine. Kartie nzuri haiangushwi toka mbinguni. Inatengenezwa na wale wanaokaa ndani yake. Ukipata mahali pazuri, ushukuru. Ukikosa, uwe wewe ule uzuri unaokosekana pale.

TUOMBE: Ee Mungu wa Abrahamu, wewe ulimwongoza mtu asiyejua anakokwenda. Uwaangalie wageni waliofika Katuba leo na wale watakaofika kesho. Uwape mlango ulio wazi na jirani mwema. Uwalinde na mwizi wa parsele na nabii wa uongo. Utufundishe sisi wenyeji kukaribisha. Na kila hema litakaposimama, katika komini saba za mji huu, jina lako litajwe ndani yake. AMINA.