Kinyesi cha Ndovu na Karatasi: Kipi Kilicho Uchafu?

 Tunapenda kukusimulia swali moja tuliloulizwa, na jibu tulilolitoa kwa haraka, na namna tulivyorejea kitabuni tukajiona kuwa tulisoma nusu ya ukurasa.

Tulialikwa nikahi huko Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mwenye kutoka Mombasa hufika Maungu, akaiacha barabara kuu ya Nairobi, akashika njia ya kusini hata mlima umjie usoni. Nchi ile iko baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huipita kama watu wapitavyo uchochoro wa mtaa wao. Usiku ule tuliolala huko waliingia shamba la bibi mmoja Muislamu, jirani ya wenyeji wetu. Kulipokucha tulikwenda kumpa pole. Mahindi hayakuwapo tena. Yalibaki mabua yaliyokanyagwa na marundo ya kinyesi.

Bibi yule hakulia. Alitwambia: "Shekhe, ndovu amekula chakula changu cha mwaka, akaniachia haya. Huyu kijana aliyekuja nanyi aniambia kwamba Kwale watu huyafanya karatasi. Je, nikiyakusanya nikayauza, pesa yake ni halali?"

Tukajibu: "Bibi, hiyo ni najisi, na najisi haiuzwi." Akasema, "Haya, Shekhe," akainama kuokota mahindi machache yaliyosalia. Nasi tukaenda karamuni tukala pilau.

Tulipokuwa njiani kurudi, lile neno lake la "haya" lilitukera. Jibu letu lilikuwa limeandikwa katika vitabu vya madhehebu yetu, lakini tulikuwa tumelitoa na matumbo yetu yameshiba, kwa mtu ambaye hajui atakula nini mwezi ujao. Tukaazimia kulileta swali lile katika darsa yetu, tulitazame sawasawa.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Kijana yule alisema kweli. Huko Mwaluganje, katika Kwale, Wadigo na Waduruma wenye ardhi waliitoa ardhi yao katika miaka ya 1990 iwe hifadhi ya ndovu, nao hupata fungu katika mapato yake. Huko ndiko karatasi za kinyesi cha ndovu zilikofanywa. Ndovu mkubwa hula kiasi cha kilo 150 za majani na magome kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu ya chakula hicho. Kilichobaki hutoka nyuzi kwa nyuzi. Watu huzikusanya zikiwa zimekauka, wakazisafisha, wakazichemsha kwa muda wa saa nyingi, kisha wakazichanganya na karatasi kuukuu zilizorowekwa, zikawa rojo. Rojo hiyo hutandazwa juu ya wavu, maji yakachuja, ikaanikwa juani. Anayeishika karatasi hiyo hasikii harufu yoyote.

Na kule kuchanganya kuna sababu. Uzi wa karatasi hauwezi kurudiwa daima. Kila ukisagwa upya hukatika ukawa mfupi, na baada ya mara tano, sita au saba hauna nguvu tena ya kushikana na wenziwe. Kwa hiyo karatasi kuukuu huhitaji uzi mpya wa kuisaidia, na uzi mpya kwa desturi hutoka katika mti uliokatwa. Kiwanda kikubwa cha Webuye kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 kilikula misitu kwa ajili hiyo, na watu wa kando ya mto Nzoia wakalalamikia maji yake, hata kiliposimama mwaka 2009. Nchi ya Kasigau imeshika njia nyingine: mwaka 2011 msitu wake ulikuwa wa kwanza duniani kupata hati za hewa ya ukaa, chini ya kipimo cha VCS, kwa sababu ya kuachwa usikatwe. Basi uzi utokao tumboni mwa ndovu ni uzi uliopatikana pasipo shoka.

Sasa tuje kwenye sharia. Katika madhehebu ya Imam Shafi kinyesi cha kila mnyama ni najisi, aliwaye na asiyeliwa, na ndovu haliwi. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa, najisi ikigeuka ikawa kitu kingine, kama kinyesi kilichochomwa kikawa majivu, hupata utohara. Sisi Mashafi hatukuufungua mlango huo isipokuwa kidogo: mvinyo uliogeuka siki kwa nafsi yake, na ngozi iliyodibaghiwa. Wanavyuoni wetu wamesema vilevile kwamba punje aliyoimeza mnyama ikatoka nzima, na ikawa ikipandwa huota, punje hiyo si najisi yenyewe. Imepatwa na najisi kwa nje tu, na ikioshwa inatosha. Mmoja wetu katika darsa akauliza: uzi wa gome uliotoka kama ulivyoingia, je, haufanani na punje ile? Mwingine akamjibu kwamba uzi hauoti, na punje imetolewa katika hukumu kwa sababu ya kuota kwake. Mjadala ulikwenda hata usiku mwingi. Sisi hatutoi fatwa katika jambo hili. Twasema tu kwamba mwenye hadhari asiiandike Qur'ani juu ya karatasi hiyo.

Hata hivyo bibi hakutuuliza habari ya kuandika Qur'ani. Alituuliza habari ya riziki yake. Na katika vitabu vilevile vilivyosema kwamba najisi haiuzwi, mbele kidogo imeandikwa kwamba mtu aweza kupokea ujira kwa kuikusanya na kuibeba, na kwamba aliye nayo mkononi aweza kulipwa ili aiondolee mkono wake, amwachie mwingine haki ya kuitumia. Kwa njia hizo wakulima wamepata samadi zao tangu zamani. Basi jibu lake lilikuwapo siku zote: jasho lake lina ujira, na ujira huo ni halali. Sisi tulimfungia mlango kwa kutolifunua jani la pili.

Wala si jambo geni katika dini kukiokota kilichotupwa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye mbuzi aliyekufa, aliyekuwa ametolewa sadaka kwa mtumishi wa Bibi Maymuna, akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidibaghi wakanufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawabainishia kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Watazame masahaba: walikuwa wamejua hukumu moja ya mzoga, wakaieneza juu ya mzoga mzima. Nasi tulifanya vivyo hivyo pale shambani.

Na karatasi yenyewe, ambayo bila yake elimu yetu isingetufikia, ilianza kwa takataka. Watu wa Baghdad walipoanza kuifanya mwishoni mwa karne ya 8, waliitwanga katika matambara ya kitani na kamba kuukuu za katani. Baadaye Waislamu wa Maghribi walipoanza kununua karatasi za Wazungu, zenye alama za msalaba ndani yake, watu waliona shaka: je, ni tohara? Yafaa kuandikiwa? Mwaka 1409 mwanachuoni wa Tlemcen, Ibn Marzuq, aliandika jibu refu akajuzisha. Hakulijibu swali lile kwa neno moja akaenda zake karamuni.

Ndugu zetu, twaogopa kwamba neno "uchafu" tunalitumia kwa maana mbili. Uko uchafu ambao sharia imeutaja na kuuwekea mpaka, na huo tunauheshimu. Na uko uchafu tunaoufanya sisi wenyewe kwa uvivu, kisha tukajiona tu watu safi kwa kuwa tumeusukuma mbali na mlango wetu. Tunakunja uso kwa kinyesi cha ndovu, na huku mtoto wetu ananunua karanga zilizofungwa katika jani la daftari la madrasa, lina Bismillahi kwa mkono wake mwenyewe, na akisha kula hulitupa mtaroni. Miaka mingi Mombasa ilitupa taka zake Kibarani, ukingoni mwa bahari, mpaka jaa lile lilipofungwa mwaka 2018. Nani anayejua ni majina mangapi matukufu yaliyooza pale pamoja na maganda ya ndizi? Mkaratasi ule wote ungaliweza kuwa karatasi tena. Na Qur'ani imewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, wala haikumtoa mbadhirifu wa karatasi.

Kwa hiyo darsa yetu imeafikiana juu ya mambo mawili. Kila madrasa na kila nyumba itenge karatasi zake mafungu mawili. Zenye Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu zioshwe wino, au zichomwe kama Sayyidna Uthman alivyofanya kwa misahafu, au zifanywe rojo mikononi mwa mtu muaminifu mpaka herufi zisibaki; kwani rojo nayo ni namna ya kuosha. Zilizobaki apewe mwokota karatasi zikiwa kavu na safi, wala asiachiwe kuzichokora katika taka kama kuku. Yeye naye ana ujira wake, na ana heshima yake.

Ama bibi wa Rukanga, tumempelekea ujumbe kwa mkono wa kijana yule kwamba jibu letu la kwanza lilipungua, na tumemwomba radhi. Hatujidanganyi kwamba ujira wa kukusanya kinyesi utamrudishia mahindi yake. Fidia ya shamba ni haki nyingine, na wenye dhamana ya wanyama wataulizwa juu yake. Lakini tuliloweza sisi lilikuwa ni kutomzidishia hasara kwa ulimi, nasi hatukuliweza siku ile. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie kulifunua jani la pili kabla ya kumjibu mwenye njaa.