Hongera Niliyoiandika

Katika uongo wote niliowahi kusema, upo mmoja niliouandika kwa wino na kuutia sahihi yangu. Ulikuwa mwaka 1994, katika kitabu cha wageni, kwenye maonyesho ya rafiki yangu mchoraji hapa Dar es Salaam. Ndiyo mara yake ya kwanza kuonyesha peke yake, bila kuchanganywa na wenzake: picha ishirini na mbili za rangi za mafuta, nyingine zikinuka bado kwa ubichi.

Hazikuwa picha za twiga na Mlima Kilimanjaro. Wala hazikuwa dhahania moja kwa moja. Zilikuwa katikati: unatazama madoa ya udongo mwekundu na buluu nzito, ghafla linajitokeza bega la mwanamke, au labda tanga, kisha linapotea tena. Nilisimama mbele ya moja kwa muda mrefu, soda mkononi, nisione kitu isipokuwa ujinga wangu. Mwenyewe akanijia. "Unaonaje, ndugu yangu?" Nikajibu upesi, "Safi sana," nikaenda kuandika: Hongera! Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo.

Hakuendelea. Alipata kibarua cha kuandika mabango ya maduka, na turubai zikaingia uvunguni mwa kitanda. Miaka mingi baadaye aliniambia kuwa kitabu kile bado anacho. "Kurasa tisa za hongera," alisema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kitu." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza habari za mvua.

Hebu basi tujiulize, msomaji wangu: kosa langu lilikuwa nini hasa? Sisi tumelelewa kwamba mgeni hasemi mchuzi umekosa chumvi. Siku ya mtu ni siku yake. Lakini mchuzi niliuonja. Picha sikuionja, niliisifu ili niondoke mbele yake salama. Adabu ile ilikuwa ya kunisitiri mimi, si yeye.

Nimekuwa nikimfikiria Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Alisoma London katika chuo cha Slade, kuanzia 1954 hadi 1957, kisha akarudi nyumbani na kuonyesha kazi zake katika Grand Hotel ya Khartoum. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa vinywaji vyao baridi, na baada ya hapo hawakuonekana tena. Naam, soda kama yangu! Ila hawakumdanganya. Walimwachia ukumbi mtupu, na ukumbi ule ukawa swali: kwa nini watu wangu hawaoni wanachotazama?

Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi yake akitazama mapambo ya nyumba na mwandiko wa Kiarabu, ule aliouanza utotoni kwa baba yake, mwalimu wa Kurani. Akaanza kutia maneno madogo pembeni mwa picha. Watu wakasogea kusoma. Kisha akazipasua herufi zenyewe, na ndani yake zikatoka sura ndefu za watu, pembe, ndege, mambo ambayo ni nusu kitu na nusu ndoto. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote. Hakurudi kwa watu wake kwa kuwachorea twiga, la hasha. Alirudi na kitu kigumu zaidi, lakini kilichokuwa na mlango.

Najua mfano huu una hatari. Ukimya umewavunja wengi ambao hatutawasikia kamwe, na El-Salahi alikuwa na moyo ambao si kila mtu amepewa. Rafiki yangu huenda angeacha tu, hata ningesema kweli. Sidai kwamba hongera yangu ndiyo iliyomwua mchoraji. Nitakuwa najipa ukubwa nisio nao. Ninachodai ni kidogo: alinyoosha mkono akiomba kitu, nami nikaweka sarafu bandia. Wala ukweli haukuwa lazima uwe ukali. Ningeweza kumwambia, "Sioni, nisaidie." Maneno mawili yanayotosha kumkalisha mtu chini.

Mwaka jana nilimtembelea. Tulizitoa zile turubai uvunguni, tukapangusa vumbi, na ile ya udongo mwekundu nikaitambua mara moja. Nikamwuliza, baada ya miaka thelathini, kama lile lilikuwa bega au tanga. Akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Nilikuwa najua," akasema.