Majina Tunayowaita Wazee Wetu

Miongoni mwa mambo yanayoutambulisha utamaduni wa taifa ni namna watu wake wanavyoitana. Katika insha hii tutayatazama majina wanayoitwa wanaume waliozeeka, tuone yametoka wapi na yamepitia mabadiliko gani. Kisha tutajiuliza swali moja: je, heshima ya mzee imo katika jina analoitwa, au imo katika mambo tunayomtendea?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Siku moja mjini Moshi tulikuwa tumekaa katika benchi la ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tukingoja zamu yetu. Akaingia mzee aliyevaa koti zito, kama wavaavyo watu wanaoteremka alfajiri kutoka migombani, na mkononi ana bahasha ya karatasi zake. Karani, kijana mwenye elimu yake, alimwambia mwenzake pasipo kuinua kichwa: "Hicho kizee kisubiri." Mzee alisikia. Hakusema neno, alivua kofia yake, akaiweka magotini. Nasi tuliokuwa pale, watu wazima na watumishi wa umma, tulisikia pia, tukanyamaza.

Jioni ile ile, katika basi dogo liendalo Kibosho, tulimwona tena mzee yule amesimama mlangoni. Kondakta alimgusa bega kijana mmoja aliyekaa, akamwambia: "Inuka bwana, mpishe dingi akae." Dingi ni neno la mitaani, nasi tuliofunzwa lugha ya adabu hatulipendi. Hata hivyo mzee alipata kiti. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiyafikiri maneno hayo mawili.

Tuanze na lile la ofisini. Katika Kiswahili sanifu mtu aliyezeeka sana huitwa kikongwe. Neno hili lina kiambishi ki-, ambacho ni cha vitu, lakini lugha yetu haikubali kumfanya mtu kuwa kitu. Husemwa "kikongwe yule amefika", wala si "kikongwe kile kimefika". Kwa hiyo sarufi yenyewe inamrudishia mzee utu wake. Karani aliposema "kisubiri" hakukosea adabu tu. Alivunja pia kanuni ya lugha, maana alimwondoa mzee katika jamii ya watu na kumtia katika jamii ya viti na vikapu. Walimu watakaowafundisha wanafunzi wao upatanisho wa sarufi wanaweza kuutumia mfano huu, wakawa wamefundisha masomo mawili kwa mara moja.

Neno mzee lenyewe halina dharau. Twalitumia kwa mwenye umri, kwa mzazi, na kwa mkubwa wa kazi hata kama ni kijana. Maneno mengine tuliyapata kwa Waarabu. Shaibu asili yake ni mwenye mvi, na shekhe hapo kwanza alikuwa mtu mzima wa kabila, kabla jina hilo halijawa la mwanachuoni. Jambo hili si la Afrika na Arabuni tu. Neno Seneti, linalotumika leo kwa mabaraza ya nchi nyingi, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee. Yaonekana mataifa mengi yalipotafuta jina la mamlaka yalilichukua katika jina la umri.

Katika mteremko wa Kilimanjaro mzee huitwa meku, na jina hilo lina kazi. Wachagga walichimba mifereji mirefu, iitwayo mifongo, kuyaleta maji ya mlimani katika vihamba vyao. Wazee ndio walioamua zamu za maji na kusuluhisha magomvi yake. Mbege ilipopikwa, mkubwa alitangulia kupewa. Lakini adabu hiyo haikumfunga kijana peke yake. Mkosaji akija na jani la sale mkononi kuomba msamaha, mzee hana budi kumsikiliza, hata kama moyo wake ungali na uchungu. Mzee anayelikataa sale huonekana kuwa yeye ndiye aliyekosa. Basi heshima ile ilikuwa mkataba wa pande mbili.

Ukoloni uliuvunja mkataba huo kwa neno moja fupi: boi. Mwanamume mwenye wajukuu, aliyesikilizwa kwenye baraza la ukoo wake, aliposhika kazi kwa Mzungu aliitwa mtoto wa kiume mpaka siku aliyoacha kazi. Wakoloni walijua walilolitenda. Mtu akiitwa mtoto, hahitaji kuulizwa maoni yake, na mshahara wake waweza kuwa wa mtoto. Inafaa vijana wajue kwamba neno boi, linalotumika hata leo kwa mtumishi wa nyumbani, lilianza hivyo.

Baada ya Uhuru tulilirudisha neno mzee mahali pake. Nchini Kenya liliambatana na Jomo Kenyatta hata likawa kama jina lake la pili. Kwetu, viongozi wa nchi wamekuwa na desturi ya kulihutubia taifa wakizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na ni mbele ya wazee hao ambapo Mwalimu Nyerere alitangaza, Novemba 1978, kwamba tutapigana na majeshi ya Idi Amin. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza toka 1985 hadi 1995, wananchi walimwita Mzee Rukhsa, jina lenye heshima na utani ndani yake. Mwaka 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee, na humo mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi.

Hata hivyo maneno hayakai mahali pamoja. Waingereza walikuwa na neno "gaffer", lililofupishwa kutoka jina la baba wa ubatizo. Likawa jina la heshima la mzee wa shamba, kisha la msimamizi wa vibarua, na leo wachezaji wa mpira humwita hivyo kocha wao. Neno lao "geezer", wanalomwita mzee wa ajabu ajabu, lilitokana na mtu aliyejifunika sura katika michezo ya sikukuu. Moja lilianza kwa heshima, jingine kwa kichekesho. Hapa kwetu mangi alikuwa mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Leo katika miji ya Tanzania mtoto hutumwa sukari "kwa Mangi", yaani kwenye duka la Mchagga.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwalaumu vijana kwa kila neno jipya. Dingi, mshua, faza, na buda la vijana wa Nairobi, ambalo lafanana na neno la Kihindi lenye maana ya mzee, ni majina ya baba yaliyovishwa nguo za mtaani. Aghalabu yana upendo. Isitoshe, wako wazee waliojitafutia majina mabaya wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio zetu zilivuma neno fataki, maana yake mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Neno hilo ni kali, nasi twaona ni halali. Mtu aliyeuvunja mkataba hawezi kudai shikamoo kwa sababu ya mvi zake.

Lakini lipo neno lisilo na utani wala uhalali. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotajwa ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Kabla ya panga kulikuwa na jina. Aliyekuwa bibi wa fulani aliitwa kwanza kizee, kisha mchawi, na alipokwisha kupoteza jina la utu hakuna jirani aliyeona haja ya kufungua mlango usiku ule.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Heshima haimo katika neno peke yake, kwani dingi la kondakta lilimpa mzee kiti, na tumewasikia wengi wakisema "mzee wangu" kwa sauti tamu huku wakimzungusha mtu kwa wiki tatu. Walakini neno si jambo dogo, kwa maana neno linalomfanya mtu kuwa kitu hutangulia, na tendo hufuata. Kipimo chetu kiwe hiki: je, jina hili linamwacha mzee akiwa mtu tunayewajibika kwake, naye akiwajibika kwetu?

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile ofisini neno liliharibika, na wazee tulikuwapo: nywele zetu nasi zimeanza kuwa nyeupe. Karani alikosa kwa kusema, nasi tulikosa kwa kunyamaza. Yeye ni kijana, ana nafasi ya kujifunza. Sisi ndio tuliopaswa kumwambia, kwa upole, mbele ya mzee yule: "Mwanangu, sema asubiri."