Anayemgeuza Mzee Anajua Nini?

Kwa miaka mingi wodi za wazee nchini Uingereza zilipambana na vidonda vya kulalia kwa kupaka. Huku walipaka spiriti, kule sabuni, pengine mafuta, na kila wodi ikaitetea dawa yake. Doreen Norton, muuguzi aliyewajua wazee kwa kuwahudumia, hakuuliza ipi inazishinda nyingine. Aliuliza kama kuna hata moja inayofaa. Yeye na mwenzake McLaren, pamoja na daktari Exton-Smith, walifuatilia wagonjwa 250, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo: kinachomwokoa mzee ni kumpunguzia mgandamizo, yaani kumgeuza mara kwa mara. Cha kupaka hakikuwa na maana kubwa.

Kazi hiyo ilizaa kipimo kinachoitwa kwa jina la Norton hadi leo. Kinaangalia mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza kitandani na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4, na mzee mwenye jumla ya 14 au pungufu huhesabiwa kuwa yuko hatarini. Hakihitaji mashine wala damu ya kupimwa. Yote matano huonekana na yule anayemwogesha mzee asubuhi.

Basi, kabla Norton hajaandika, ujuzi wa mhudumu huyo ulikuwa elimu au haukuwa? Mwanafalsafa Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha 1949, alitofautisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua namna ya kulitenda, akakataa kuifanya aina ya pili kuwa mtumwa wa ile ya kwanza. Mwaka 2007 Miranda Fricker aliongeza swali la haki: mtu anaweza kudhulumiwa katika ujuzi wake, akaambiwa hajui kwa sababu tu ya cheo chake, lafudhi yake au rangi yake.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu wanaoielewa dhuluma hiyo bila kusoma Fricker. Wakenya na Watanzania wengi wanafanya kazi katika nyumba za wazee Marekani. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1987 inamtaka mhudumu msaidizi apate mafunzo ya angalau saa 75 tu, na cheti chake humweka chini kabisa kwenye ngazi ya kazi. Lakini ndiye anayekaa na mzee zamu nzima. Bibi mwenye dimenshia akianza kukataa kuoga jioni, daktari ataandika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Mhudumu ameshagundua kuwa ukaidi huja siku ambazo maji yanamwagwa kichwani bila kuambiwa kwanza. Hiyo ni nadharia tete kamili, inayoweza kupimwa. Kwa kawaida hutajwa wakati wa kukabidhiana zamu, kisha ikapotea.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuwasifu watu wa chini na kuishia hapo. Wale waliopaka spiriti nao walikuwa na uzoefu, wa miaka mingi, na walikosea. Mkono uliozoea unaweza kuzoea kosa. Kumheshimu mhudumu, kwa hiyo, hakuishii katika kumwamini. Heshima kamili ni kumpa muda, mafunzo na mtu wa kumwongoza, ili aweze kulijaribu lile analoliamini na awe tayari kuliacha likishindwa.

Tena mzee si kitu cha kufanyiwa majaribio. Mwaka 1963, katika Jewish Chronic Disease Hospital huko Brooklyn, wagonjwa 22 waliodhoofika walidungwa chembe hai za saratani bila kuelezwa ni chembe za nini. Mtafiti, Chester Southam, alitoka taasisi nyingine. Madaktari vijana watatu wa hospitali hiyo walikataa kushiriki, wakajiuzulu. Walioijua wodi ndio waliosema hapana. Hata hivyo ukaribu nao una hatari zake: mzee hawezi kwa urahisi kumkatalia anayemlisha. Mhudumu anayetafiti anapaswa kuomba ridhaa upya kila mara, na asiyeweza kuitoa awe na ndugu au msimamizi wa kumsemea.

Utafiti unaoanzia wodini unawezekana. Tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kimeungana na vituo vya wazee vya jimbo la Limburg. Mtafiti wa chuo hufanya kazi ndani ya kituo kwa siku moja ya wiki, na kituo nacho huteua mtu wake wa kuunganisha pande mbili, ili maswali yatoke wodini na majibu yarudi wodini. Siku moja tu, lakini imo kwenye ratiba na inalipiwa.

Amri ya kumheshimu baba na mama, na agizo la sura ya Al-Israa la kuwatendea wazazi wema uzeeni, huelekezwa kwa watoto. Mzazi akiingia katika nyumba ya wazee, sehemu ya wajibu huo hupita katika mikono ya anayelipwa. Mtoto aliyekabidhi wajibu huo hajautimiza akipuuza kile ambacho mikono hiyo imejifunza kuhusu mama yake.

Tanzania ina makazi ya wazee ya serikali, yakiwemo Kolandoto mkoani Shinyanga na Njoro huko Moshi. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Vyuo vya uuguzi vipo. Wenye mamlaka juu ya makazi hayo na wakuu wa vyuo wakae pamoja, watenge saa za kazi kwa wahudumu wanaotaka kuuliza na kupima, wazilipie, na ripoti zitakazotoka zichapishwe kwa majina ya wahudumu wenyewe.