Mgeni wa Alasiri

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi saba nilimpeleka kliniki peke yangu, maana mama yake alikuwa kitandani na homa. Nesi akampima uzito, akatia alama kwenye kadi, kisha akaniuliza: akilia usiku, hubembelezwaje akanyamaza? Nikajibu kwa kujiamini kwamba hajambo kabisa. Nesi akacheka. "Baba, sikukuuliza kama hajambo."

Swali lile lilinirudia miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Mary Ainsworth. Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, na huko huko akapata shahada ya uzamivu ya saikolojia mwaka 1939. Vita vilipopamba moto akavaa sare ya jeshi la Kanada, akafika cheo cha meja. Mwaka 1950 akaolewa, akamfuata mumewe London. Huko aliona tangazo la kazi gazetini, akaomba. Kumbe ni kazi kwa daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza yanayowapata watoto wakitenganishwa na mama zao. Kisha mume akapata nafasi Kampala, na mwaka 1954 mizigo ikafungwa tena. Mtu angesema mama huyu alikuwa akiburutwa na sanduku la mumewe. Lakini kila lilipotuliwa sanduku hilo, yeye aliokota kitu.

Uganda alikwenda na swali lake tayari. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, akae huko amsahau mama. Hapo ndipo alipotaka kuona madhara ya utengano. Alipofika vijijini akakuta wengi wameshaiacha desturi hiyo. Mtafiti mwenye haraka angewasaka kwa tochi wale wachache walioishikilia, ili swali lake lisife. Ainsworth aliliacha swali, akaketi atazame kilichokuwepo.

Kaya 26, watoto 28. Kila baada ya wiki mbili alibisha hodi, akakaa saa mbili, na ziara ziliendelea hadi miezi tisa. Alikwenda na mkalimani, alasiri, wakati ambao akina mama wa Kiganda walikuwa wakipokea wageni sebuleni. Aliandika mtoto anatambaa kumfuata nani, ananyamazishwa na mikono ya nani, anageuka kumtazama nani kabla ya kugusa kitu asichokijua. Aliona mtoto aliyetulia anavyomfanya mama bandari: hutoka kwenda kuchungulia dunia, akashtuka, akarudi, akatoka tena.

Na aliona jambo ambalo mimi bado linanichoma. Watoto waliotulia mara nyingi walikuwa wa wale akina mama ambao, wakiulizwa juu ya mtoto, maneno hayakuwaishia. Walijua vijambo vidogo vidogo na walivisema bila kusukumwa. Hakuwa akipima nani anampenda mwanawe zaidi. Alikuwa akisikiliza nani anamwona.

Baadaye alifundisha Baltimore, akarudia kazi ile ile kwa familia 26 za Kimarekani. Watoto wa huko hawakulia sana mama akitoka chumbani. Walizoea kumwona akiingia na kutoka. Ndipo akabuni chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea: mtoto wa mwaka mmoja na mama yake, mtu wasiyemjua, dakika kama 20, mama anatoka, mama anarudi. Wengi hudhani kipimo ni kilio. Ainsworth alitazama zaidi lile tendo la mama kurudi, mtoto anampokeaje.

Chumba hicho ndicho kilichompa jina. Kikasambazwa duniani, kikalalamikiwa pia: watoto wa Japani, ambao ni nadra kuachwa na mama zao, walilia humo kupita kiasi, na wengine wakauliza kama dakika 20 zinaweza kumhukumu mtoto aliyelelewa na mikono mingi. Maswali ya haki. Kinachonisikitisha ni kwamba sebule za Buganda zilizotangulia hutajwa kwa mstari mmoja, ilhali kitabu chake juu ya sebule hizo, kilichotoka mwaka 1967, kilitangulia kile cha chumba kwa zaidi ya miaka kumi. Chumba hurudiwa kwa urahisi; miezi tisa ya kubisha hodi ni ghali.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Ndoa ilivunjika mwaka 1960, naye akafariki mwaka 1999 huko Charlottesville, Virginia.

Jioni ile ya kliniki nilimuuliza mke wangu swali la nesi. Alikuwa amejifunika khanga mbili, anatetemeka. Akasema: inategemea kilio. Cha njaa huanza kwa kukohoa. Cha usingizi hujivuta sikio, la kushoto, na ukimlaza bega la kulia hatulii, mhamishe. Kile kirefu cha alfajiri mpeleke dirishani asikie jogoo wa jirani. Homa na yote, alizungumza karibu nusu saa.