Pedi Mpya, Mafuta ya Zamani

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa kuwa sisi tunaopenda magari ya zamani tunaweza sote kuteleza alipoteleza yeye.

Ni mzee wa Nairobi, mwenye Peugeot 504 aliyoitunza tangu ujana wake. Magari ya jina hilo yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, naye alitaka lake lisimame kama la mashindano. Akaagiza pedi ngumu za breki, za mbio, za magurudumu ya mbele. Fundi alipofungua kopo la mafuta ya breki alimwita aone.

"Mzee, mafuta haya yamekuwa meusi kama kahawa. Tuyamwage kwanza. Hata mipira ya breki imechoka."

"Mwezi ujao, kijana wangu. Kesho nina safari."

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Ya pili ilikuja alfajiri, kwenye baridi: alikanyaga breki langoni, gari likachelewa kusimama. Pedi za mbio hazishiki vizuri mpaka zipate joto, ilhali za barabarani hushika hata zikiwa baridi. Yeye alidhani bado hazijazoea tu, akaendelea.

Dalili ya tatu ilimkuta kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Gari lilijaa watu na mizigo, nalo lilikuwa kwenye gea kubwa, mguu wake ukikalia breki. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mara kanyagio likazama. Akapampu mara kadhaa, likarudi juu. Akamshukuru Mungu, akazidi kuteremka.

Ndugu msomaji, hapo ndipo alipopaswa kusimama. Mafuta ya breki hufyonza unyevu mwaka hadi mwaka. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 za selsiasi bila kuchemka. Yakishafyonza maji, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu wako hubaki kuubana mvuke huo badala ya kuzibana pedi. Pedi zake ziliweza kuhimili joto, lakini mafuta yaliyokuwa nyuma yake hayakuweza.

Kona iliyofuata, kanyagio liligusa sakafu. Alishusha gea, akavuta handibreki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Mkewe alivunjika mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba wote wako hai.

Tusiseme mzee alikuwa mzembe. Alitumia fedha zake kutafuta usalama, ila aliboresha kiungo kimoja akaviacha vingine vikiwa vichakavu. Nani kati yetu hajawahi kuahirisha ushauri wa fundi?

Basi tushike haya. Gari la barabarani lipewe pedi za barabarani. Ukibadilisha pedi, kagua na diski, mipira na silinda. Mwaga mafuta ya zamani, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Pedi mpya zizoeshwe taratibu kwenye njia tambarare kabla ya kupelekwa mlimani. Kwenye mteremko mrefu, tumia gea ndogo tangu juu.

Na kanyagio likizama hata mara moja, usifarijike kwa kuwa limerudi. Egesha gari, mwite fundi.