Sikio Lisilosomea na Haki ya Kuhukumu: Litungu, Bach na Msikilizaji wa Bumula

Nani ana haki ya kuihukumu kazi ya sanaa? Mwaka 1757, David Hume alishikilia kwamba hukumu ya kutegemewa hutolewa na mtu aliyejizoeza, akazilinganisha kazi nyingi na kujivua chuki. Mwaka 1790, Immanuel Kant alidai kwamba hukumu ya uzuri haisimami juu ya dhana, ingawa anayeitoa hutarajia kila mtu akubaliane naye. Kwa Hume, asiye na mazoea hana budi kusubiri. Kwa Kant, yaelekea anaweza kusema tangu siku ya kwanza. Makala hii inalipima swali hilo kwa msikilizaji wa Bumula, wilayani Bungoma kwa jina la zamani na kaunti ya Bungoma kwa jina la leo, ambaye hakusomea nota lakini anavutiwa na muziki wa klasiki wa Ulaya.

Neno "asiyesomea" lenyewe lahitaji kuchujwa. Aliyelelewa miongoni mwa Wabukusu hamfikii Bach akiwa debe tupu. Sikio lake limefunzwa na litungu, kinubi cha nyuzi saba ambacho mpigaji wake hurudiarudia mapigo mafupi huku akiyageuza kidogo kidogo, akiimba sifa na maonyo. Limefunzwa pia na kumuse, hotuba ya matanga ya wazee wenye heshima, ambapo msemaji hutembea mbele ya waombolezaji walioketi. Hapo kusikiliza ni sehemu ya adabu. Tena limefunzwa na kwaya za makanisa, ambamo waimbaji wengi wasiosoma nota za mistari mitano wameimba "Hallelujah" ya Handel, kutoka Messiah iliyotungwa mwaka 1741, kwa msaada wa solfa au kwa kukariri tu.

Hata hivyo, Handel ana maneno, na maneno humpa msikilizaji pa kushika. Mtihani halisi ni muziki usio na maneno, mathalani utangulizi wa suti ya kwanza ya Bach kwa sello. Humo umbo moja la mapigo hurudi tena na tena, ilhali sauti zinazolijenga zinabadilika. Sikio la litungu litautambua upesi mrudio huo na kuustarehea. Lakini huenda likakosa jambo lililo muhimu vilevile: safari ya sauti inayoondoka nyumbani, ikakawia ugenini, kisha ikarejea. Furaha ya msikilizaji huyo ni ya kweli, ila haijakamilika. Hapa Kant na Hume wote wawili wana hoja: ushuhuda wa sikio ni halali, na mazoea huupanua.

Iwapo hayo yanakubalika, yafaa yageuzwe. Mhitimu wa chuo cha muziki cha Ulaya anapoketi mbele ya mpiga litungu, naye ni asiyesomea. Huenda akahesabu nyuzi na kuandika vipimo vya sauti, asijue ni neno gani lililoamsha kicheko cha wazee. Hakuna anayemwita mjinga kwa hilo; huitwa mtafiti. Msikilizaji wa Bumula anapokosa istilahi, huambiwa hana elimu. Tofauti hiyo haitokani na masikio bali na hadhi, na mhakiki anayeinyamazia anaitumikia.

Hadhi hiyo huzaa unafiki wa namna mbili. Mmoja husifu asichokisikia, kwa kuwa muziki wa Ulaya unanukia usomi. Mwingine hukibeza anachokipenda, asije akaonekana amewatupa wazee wake. Wote wawili wanatoa ushahidi wa uongo dhidi ya masikio yao wenyewe. Kinachodaiwa kwa msikilizaji kimaadili, basi, si cheti. Ni kusema alichokisikia, asizidishe, kisha arudi kusikiliza tena akiwa tayari kusahihishwa.

Funzo hilo linaihusu fasihi moja kwa moja. Msomaji asiyejua istilahi za uhakiki bado anaweza kuguswa na shairi, na mguso huo ni data ambayo nadharia haina budi kuieleza. Nadharia inayoanza kwa kumnyamazisha hubaki bila cha kueleza. Kwa upande wake msomaji, akiridhika na mguso wa kwanza pekee, atakuwa ameishia mlangoni kwa hiari yake. Mgeni hakatazwi kuusifu mji. Ila wenyeji humheshimu zaidi yule anayejifunza njia zake.